Ufasaha Mbele ya Utumwa: Hotuba za Seneti ya Marekani za Mwaka 1850

Katika historia ya usemi wa Marekani ni siku chache zilizongojewa kwa hamu kama tarehe 7 Machi, 1850. Ukumbi wa Seneti mjini Washington ulijaa watu hata katika njia za kupitia. Aliyengojewa alikuwa Daniel Webster wa jimbo la Massachusetts, mzee wa miaka 68, mwenye sauti nzito na paji pana la uso, ambaye kwa muda wa miaka ishirini watu wa Kaskazini walikuwa wamemhesabu kuwa ndiye ulimi wao. Alisimama akasema kwa saa tatu na zaidi. Alianza kwa kutangaza kwamba siku hiyo hasemi kama mtu wa Massachusetts, wala kama mtu wa Kaskazini, bali kama Mmarekani. Hotuba ilipigwa chapa, ikaenezwa nchi nzima, na tangu hapo haikosekani katika makusanyo ya hotuba kuu za taifa lile.

Asomaye hotuba hiyo leo hawezi kukana kwamba ina uzuri. Sentensi zake ni ndefu lakini hazipotezi njia. Mifano yake ni mikubwa bila ya majivuno. Mahali pa hasira pamewekwa huzuni, na huzuni hushawishi kuliko hasira. Uzuri huo ndio umtaabishao mhakiki, kwa sababu miongoni mwa mambo ambayo hotuba iliyatetea ni kwamba mtu aliyetoroka utumwani, akakimbilia Boston au New York, akamatwe na kurudishwa kwa bwana wake. Wako wasemao kwamba uzuri wa maneno waweza kutengwa na jambo linalosemwa, kama ganda linavyotengwa na kokwa, na kwamba kazi ya mhakiki ni ganda tu. Hotuba za mwaka ule zayakataa maoni hayo zenyewe. Si kwamba zilipambwa kwa sanaa nzuri ili kuficha jambo baya. Sanaa yenyewe isingaliwezekana kama mtu mmoja angalikuwamo katika chumba kile, naye hakuwamo.

Chanzo cha mambo chajulikana, nacho hakihitaji maneno mengi. Mwaka 1848 Marekani ilimaliza vita vyake na Mexico, ikatwaa nchi kubwa upande wa magharibi hata Bahari ya Pasifiki. Mwaka huo huo dhahabu ilionekana California, watu wakamiminika, na kabla ya mwisho wa mwaka 1849 wakaazi wa huko walikuwa wamejiandikia katiba iliyokataza utumwa. Wakati huo majimbo yalikuwa 30: 15 yenye utumwa na 15 yasiyo nao. California ikiingia, mizani ingeinama, na katika Seneti kila jimbo lilikuwa na watu wawili, likiwa dogo au kubwa. Watu wa Kusini wakaanza kunong'ona, kisha kusema wazi, juu ya kujitenga. Hesabu ya watu ya mwaka 1850 ilionyesha watumwa milioni tatu na laki mbili katika taifa la watu milioni ishirini na tatu. Hao milioni tatu ndio waliokuwa wakipatanwa, nao hawakuwa na mjumbe.

Mapatano hayo hayakuwa ya kwanza. Mwaka 1820 ulipigwa mstari wa nyuzi 36 na nusu kaskazini, ili katika nchi mpya za wakati huo utumwa ukae chini ya mstari, isipokuwa jimbo la Missouri. Na kabla ya hapo kulikuwa na katiba yenyewe ya mwaka 1787, ambayo kwa msomaji wa fasihi ndiyo andiko la ajabu kuliko yote. Katiba ile iliruhusu watumwa wahesabiwe kwa sehemu tatu katika tano wakati wa kugawa wajumbe. Ilizuia Bunge lisikataze biashara ya kuleta watumwa kutoka ng'ambo kabla ya mwaka 1808. Iliamuru mtoro arudishwe kwa mwenyewe. Mambo matatu makubwa ya utumwa, na neno mtumwa halimo hata mara moja. Mahali pake wamewekwa watu wengine, watu wa aina fulani, watu waliofungwa kwa kazi au utumishi. James Madison, aliyeandika kumbukumbu za mkutano ule, aliacha habari kwamba aliona ni vibaya katiba ikubali wazo la mtu kumiliki mtu. Basi wazo likakubaliwa, na neno likakataliwa.

Mfasiri akitaka kukileta kifungu kile cha watoro katika Kiswahili hupata taabu mara moja. Akiandika mtumwa, amelisema wazi jambo ambalo wenyewe waliliepuka. Akiandika mtumishi, amewafuata katika hila yao. Maneno yote mawili yametoka katika shina moja la kutuma, na yanaachana mwishoni tu, katika silabi moja au mbili; lakini katika silabi hizo umekaa uhuru wote wa mtu. Yafaa kukumbuka kwamba pwani ya Afrika ya Mashariki haikuwa na aibu ya namna ile. Kiswahili kilikuwa na mtwana na mjakazi, mzalia na suria, mateka na mtoro, na kila jina lilionyesha mlango alioingilia mtu au alioujaribu kutokea. Lugha iliyoishi na utumwa karne nyingi haikuuficha. Iliupanga kwa madaraja. Huo haukuwa wema. Lakini kuna tofauti kati ya lugha inayopanga na lugha inayofumba, na Seneti ya mwaka 1850 ilirithi lugha inayofumba.

Wa kwanza kusimama alikuwa Henry Clay wa Kentucky, mzee wa miaka 72, mwenye watumwa, ambaye mapatano ya mwaka 1820 pia yalikuwa yamempa sifa. Tarehe 29 Januari alileta maazimio manane. California iingie bila ya utumwa. Nchi nyingine zilizotwaliwa Mexico zipewe serikali bila ya sharti lolote juu ya utumwa. Texas ipunguzwe mipaka na kulipiwa deni. Mnada wa watumwa ukomeshwe mjini Washington, lakini utumwa wenyewe ubaki humo. Sheria ya watoro iongezwe nguvu. Kila upande upewe kitu, na kila upande upoteze kitu. Katika kufanya hivyo Clay alitoa mbele ya Seneti kipande cha ubao, akaeleza kwamba ni kipande cha jeneza la George Washington alichopewa na mtu aliyependa kihifadhiwe, akakifanya kuwa onyo la marehemu kwa Bunge lisiivunje nyumba aliyoijenga.

Wahakiki wengi wamelicheka tendo lile kama mchezo wa jukwaani. Kicheko hicho chapita juu ya jambo lenyewe. Clay alikuwa fundi, naye alijua kwamba hoja zake manane zilikuwa hesabu ya soko, nipe nikupe, na kwamba hesabu ya soko haimtoi mtu machozi. Alihitaji kitu kitakatifu cha kuifunika hesabu, na ubao ule ukawa ndicho. Walakini Washington aliacha kitu kingine zaidi ya jeneza. Aliacha wasia, ulioandikwa mwaka 1799, wa kuwaacha huru watumwa aliowamiliki mwenyewe. Marehemu mmoja, mabaki mawili: ubao na wasia. Uchaguzi wa masalio nao ni sehemu ya ufasaha, na mhakiki apimaye hotuba yampasa kuuliza ni salio gani lililoachwa nyumbani.

John Calhoun wa South Carolina alikuja tarehe 4 Machi, amejifunika nguo, mgonjwa asiyeweza kusoma hotuba yake mwenyewe. Ilisomwa kwa niaba yake na James Mason wa Virginia, na kabla ya mwezi kwisha Calhoun alikuwa amekufa. Hotuba yake haina mapambo. Ni kavu kama hesabu ya mwenye deni. Mfano mmoja tu ndio uonekanao sana, mfano wa kamba: kwamba majimbo yamefungwa pamoja kwa kamba nyingi, za dini, za siasa, za biashara, na kwamba kamba moja moja zinakatika. Alitaja makanisa, naye hakukosea. Wamethodisti walikuwa wamegawanyika mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845, kwa ajili ya utumwa. Yeye hakutaka mapatano. Alitaka mizani irudishwe kwa nguvu ya katiba, au kila upande uende zake.

Watu hupenda kusema kwamba Calhoun alikuwa mkweli kuliko wenzake, na kwa sehemu ni kweli, kwa kuwa aliona kwamba jambo halikuwa dogo. Lakini hata yeye, alipofika penye kiini, hakusema kwamba Kusini inatetea haki ya kununua watoto. Alisema juu ya uhusiano uliopo kati ya jamii mbili. Neno uhusiano! Ndugu wana uhusiano, na majirani wana uhusiano, na mtu na mjeledi wake nao, ukipenda, wana uhusiano. Mtu huyu mkavu, aliyechukia mapambo, alijiruhusu pambo moja, nalo aliliweka pale pale penye haja nalo.

Webster ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko hao wawili. Clay alitoka jimbo la mpakani na Calhoun alitoka Kusini. Kila mmoja aliwaambia watu wake mambo waliyopenda kuyasikia, au karibu na hayo. Webster ilimpasa kuwaambia watu wa Massachusetts kwamba wao ndio waliokosa. Namna alivyolifanya jambo hilo yastahili kuangaliwa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuurudisha utumwa mbali katika historia. Alisema juu ya Wayahudi wa kale, Wayunani na Warumi, akaonyesha kwamba utumwa ni wa zamani kama dunia. Katika usemi, kitu kikirudishwa mbali sana hupoteza mwenyewe: kinakuwa kama mvua au ukame, kisicho na mtu wa kukijibia. Kisha akaonyesha jinsi watu wa Kaskazini na wa Kusini walivyoachana polepole katika maoni yao, kila upande kwa unyofu wa moyo. Alisema kwa haki, hata kwa upole, kana kwamba ni watu wawili wema waliotofautiana juu ya sala. Tofauti ya maoni! Aliyekuwa na maoni ya kwanza juu ya utumwa, yaani mtumwa, hakuhesabiwa katika pande mbili hizo.

Hatua ya pili ndiyo iliyosifiwa zaidi. Webster alidai kwamba hapana haja ya kuukataza utumwa katika nchi mpya za magharibi, kwa kuwa milima na ukavu wa nchi zenyewe vimekwisha kuukataza. Sheria ya maumbile yatosha, na binadamu asijitie kuandika upya amri ya Mungu. Hoja hiyo ni nzuri mno kuisikia. Inampa kila mtu nafasi ya kukaa kimya na kujiona mcha Mungu. Lakini milima haikuwa imesoma hotuba. Utah ilitunga sheria ya kukubali utumwa mwaka 1852, na New Mexico ilitunga sheria za kuwalinda wenye watumwa mwaka 1859. Na California yenyewe, jimbo huru, ilikuwa na watumwa waliopelekwa kuchimba dhahabu. Yawezekana Webster aliamini kwa dhati aliyoyasema. Hata hivyo hoja yake ina alama ya hoja za mapatano kama hayo: humwondolea kila mtu jukumu na kumpa mlima.

Hatua ya tatu ni ile iliyomtia doa. Akipima malalamiko ya pande mbili, alisema kwamba lalamiko la Kusini juu ya watoro ni la haki. Katiba imeamuru warudishwe, na Kaskazini imekataa. Vyama vya kupinga utumwa alivihukumu kwamba havikuleta faida, bali vimekaza kamba za watumwa. Alitaja na malalamiko ya Kaskazini, haikosi kusemwa: alilaumu desturi ya bandari za Kusini ya kuwafunga mabaharia weusi walio huru wafikao kwa meli za Kaskazini. Lakini katika saa tatu zote hizo mtu mweusi hupita kama mzigo wa kifungu cha katiba, au kama baharia wa kulalamikiwa, au kama msafiri wa kulipiwa nauli arudishwe Afrika. Hana kauli. Hata swali la kumwuliza halimo. Na mwisho wa hotuba, palipo na maneno makuu juu ya hofu ya kujitenga na mfano wa nyota zinazotoka katika njia zake, sauti yapanda juu kiasi kwamba chini hapaonekani tena.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwa habari ya kitambaa. Viwanda vya Massachusetts na majirani zake vilikuwa vikifuma pamba ya Kusini, na wenye viwanda na wafanya biashara wa Boston walikuwa miongoni mwa waliompa Webster shukrani kwa hotuba ile. Kitambaa hicho hakikubaki Marekani. Wafanya biashara wa Salem walikileta Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, na pwani nzima ikakiita merikani. Kilivaliwa mjini, kilipelekwa bara kwa misafara, kilibadilishwa kwa pembe za ndovu. Vita vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 na pamba ikakosekana, merikani ilipungua na nguo za Bara Hindi zikachukua nafasi. Basi mtu wa Tabora au Bagamoyo aliyejifunga shuka yake asubuhi ya tarehe 7 Machi, 1850, hakuwa mbali na ukumbi wa Seneti kama ramani inavyoonyesha.

Wala mstari wa kugawa utumwa kwa jiografia haukuwa mgeni huku. Mkataba wa mwaka 1845 kati ya Sayyid Said na Waingereza, ujulikanao kwa jina la Hamerton, ulikataza watumwa wasisafirishwe kutoka Afrika kwenda Uarabuni, bali uliruhusu wachukuliwe kati ya Lamu na Kilwa. Mtumwa ndani ya mstari alikuwa halali. Mtumwa yule yule akivuka kwa jahazi alikuwa haramu. Wafalme na mabalozi waliridhiana, naye hakuulizwa. Mapatano ya Washington na ya Unguja yalikuwa na watu mbalimbali na sababu mbalimbali, lakini umbo lake ni moja.

Tarehe 11 Machi William Seward wa New York alijibu kwamba iko sheria iliyo juu kuliko katiba. Hotuba yake haikuwa na mvuto wa sauti, na wengi waliisikia kwa kuchoka. Lakini ndiyo iliyosema jambo ambalo wengine walilizunguka.

Sasa swali la matokeo. Kama ufasaha wa Webster ulikuwa na nguvu kama isemwavyo, msomaji angetazamia kuona mapatano yakipita kwa sababu yake. Sivyo ilivyokuwa. Miswada ilipofungwa katika tita moja ilianguka tarehe 31 Julai, baada ya majuma ya vita vya maneno, na siku moja ya mwezi Aprili baada ya bastola kutolewa ndani ya Seneti. Rais Zachary Taylor, aliyeupinga mpango, alikwisha kufa tarehe 9 Julai, na Millard Fillmore aliyeshika mahali pake aliukubali. Ndipo Stephen Douglas wa Illinois, mtu mfupi wa kimo na mwepesi wa hesabu, alipolifungua tita na kupitisha mswada mmoja mmoja mwezi Septemba. Watu wa Kaskazini walipiga kura kwa ile waliyoitaka, watu wa Kusini kwa ile waliyoitaka, na kundi dogo la katikati likajaza pengo kila mara. Walioikubali miswada yote walikuwa wachache mno. Mwanahistoria David Potter, katika kitabu kilichotoka mwaka 1976, alisema kwamba hayakuwa mapatano bali ni kusimamisha vita kwa muda. Na mtu akiangalia kura zilivyopigwa hana la kumpinga.

Ikiwa hotuba kuu haikuzaa kura, ilizaa nini? Ilizaa heshima. Sheria ya watoro, iliyotiwa saini tarehe 18 Septemba, ilikuwa chungu kuliko maneno yaliyoitangulia. Aliyeshtakiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kujishuhudia. Hakupewa baraza la raia wa kuamua kesi yake. Kamishna aliyeamua kwamba arudishwe alilipwa dola 10, na akiamua kwamba aachwe alilipwa dola 5. Serikali ilieleza kwamba karatasi za kurudisha ni nyingi zaidi. Aliyemficha au kumsaidia alitozwa hata dola 1,000 na kifungo cha miezi sita. Sheria kama hiyo ilihitaji watu wema wa kuitii, na watu wema huhitaji maneno mema. Kazi ya hotuba ya tarehe 7 Machi haikuwa kuwashawishi maseneta. Ilikuwa kumwezesha mwenye duka wa Boston, msomaji wa Biblia, kumwona mtu akipitishwa na minyororo mbele ya mlango wake na kusema moyoni kwamba taifa limeokoka.

Haki ya Webster nayo isemwe, maana mhakiki asiyesikiliza utetezi naye ni kamishna wa dola 10. Watetezi wake husema kwamba kama Kusini ingejitenga mwaka 1850, Kaskazini isingekuwa na nguvu ya kuizuia. Kwamba miaka kumi iliyonunuliwa ilileta reli, viwanda na watu, na vilipokuja vita mwaka 1861 upande wa uhuru uliweza kushinda. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Huenda ni kweli. Lakini Webster hakuisema. Yeye alitaka taifa lipone, hakutaka lipewe muda wa kujitayarisha kupigana. Na miaka kumi ile haikulipwa na maseneta. Hesabu ya mwaka 1860 ilionyesha watumwa karibu milioni nne. Waswahili husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika habari hii nyasi ziliumia fahali walipopatana.

Waandishi waliliona jambo hilo kabla ya wanasiasa. John Greenleaf Whittier alitunga shairi mwaka ule ule juu ya kuanguka kwa Webster, akaliita kwa jina la Ichabod, ambalo katika Biblia ni jina la mtoto aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli. Shairi ni zuri na ni kali, ila nalo lamlilia Webster, mtoro hayumo. Aliyemleta mtoro chumbani alikuwa Harriet Beecher Stowe, katika riwaya yake Uncle Tom's Cabin iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1852. Katika sura moja ya kitabu hicho yuko seneta wa Ohio, Bwana Bird, aliyerudi nyumbani amechoka baada ya kuipigia kura sheria ya kukataza watoro wasisaidiwe. Mkewe amlaumu, naye ajibu kwa hoja za mapatano, za hisia za mtu mmoja na faida ya umma, hoja ambazo zingefaa kusomwa Washington. Mara katika jiko lao aingia Eliza, mama aliyevuka mto juu ya vipande vya barafu na mtoto mikononi. Usiku ule ule seneta aliyetunga sheria ampakia garini, akapita naye katika matope mpaka mahali pa salama. Stowe hakumfanya seneta aseme maneno makubwa ya kujuta. Alimfanya amtajie mkewe nguo za mtoto wao aliyekufa ili wampe mtoto wa Eliza.

Riwaya ile ina makosa yake. James Baldwin aliishambulia mwaka 1949, akasema kwamba hisia zake zimezidi kiasi na kwamba huruma yake humnyima mtu mweusi ubinadamu kamili. Na mwisho wake, unaowapeleka mashujaa Liberia, wakaribia mno ile nauli ya Webster. Lakini jiko la Bwana Bird lasimama. Stowe alitambua kwamba hoja za mapatano haziangushwi kwa hoja nyingine. Huangushwa kwa kumfungulia mtu mlango.

Hata hivyo Eliza ni wa kubuniwa, na aliyemsemea ni mwandishi mweupe. Liko andiko jingine, fupi mno, ambalo makusanyo ya ufasaha hayalipi nafasi. Mwaka 1854 kijana aitwaye Anthony Burns, aliyetoroka kutoka Virginia, alikamatwa mjini Boston, mji wa Webster, akahukumiwa kwa sheria ya mwaka 1850. Tarehe 2 Juni alipitishwa barabarani kati ya askari hata bandarini, na nyumba zikatundikwa vitambaa vyeusi. Webster hakuyaona, alikuwa amekufa mwaka 1852. Mwaka 1855 Burns alikombolewa kwa fedha za michango, akarudi Kaskazini, akaingia shule ya Oberlin. Alipoliandikia kanisa lake la zamani la Virginia kuomba barua ya ushirika, alijibiwa kwamba ametengwa, kwa sababu alimtoroka bwana wake na kuvunja sheria ya Mungu na ya wanadamu.

Burns alijibu kwa waraka. Hana nyota wala jeneza wala kamba. Asema kwamba hakumkimbia mtu aliyemwia haki yoyote. Kwamba yeye mwenyewe aliibwa, akafanywa mtumwa mara alipozaliwa, na aliyeibwa ana haki ya kuondoka. Kwa miaka 68 tangu mwaka 1787 neno lilikuwa likitafutwa la kuweka mahali pa mtumwa katika kifungu cha watoro, na watu wenye elimu kuu walikuwa wameandika mtu aliyefungwa kwa utumishi. Burns aliandika aliibwa, akaupeleka waraka posta.